Mkataba wa kusomeshwa udaktari: kabla ya kuhesabu miaka, uliza saa inaanza lini

Barua za mwezi huu karibu zote zimebeba kitu kimoja, mikataba ya kusomeshwa udaktari kwa sharti la kufanya kazi nyumbani au sehemu zenye uhaba wa madaktari ukimaliza. Nimechagua nne. Niseme mapema mnijue: na mimi nilisomeshwa kwa mkataba wa hivyo, miaka mitano, nikaitumikia yote mpaka siku ya mwisho, kwa hiyo mkiona mahali naongea kwa uchungu na mahali pengine natetea, ni mimi huyohuyo.

Shikamoo dokta. Nina miaka 19, nimepata nafasi ya udaktari vyuo viwili. Cha kwanza wanalipa kila kitu, ada, vitabu na pesa ya kujikimu, ila nasaini kwamba nikimaliza natumikia miaka mitano maeneo yenye uhaba hapahapa nchini. Cha pili hamna mkataba ila itabidi nichukue mkopo na ni mkubwa kweli. Kaka yangu anasema mitano si kitu, itaisha kabla sijajua. Rafiki yangu anasema huo ni utumwa tu umevalishwa koti jeupe. Ndoto yangu ni upasuaji wa ubongo. Nisaini?
*Binti wa njia panda*

Marahaba mdogo wangu, na hongera, nafasi mbili si mchezo.

Kaka yako na rafiki yako wote wameangalia namba moja tu, hiyo mitano, ndo maana hawaelewani. Chukua kalamu tuhesabu. Una 19, udaktari miaka sita, unamaliza na 25. Unaingia mwaka wa utarajali, ule wa kufanya kazi chini ya uangalizi, 26. Swali la kwanza kabisa: ule mwaka wa utarajali unahesabiwa ndani ya mitano? Mara nyingi hauhesabiwi, na watu wanakuja kujua siku wanaripoti. Basi unaanza kutumikia na 26, unatoka na 31, ndo unaanza ubingwa. Upasuaji wa ubongo sehemu nyingi ni miaka sita au saba, na hapo sijaweka mwaka wa kusubiri nafasi. Unakuwa bingwa ukikaribia 40. Au mkataba unakuruhusu usome ubingwa kwanza, saa inasimama ukiwa unasoma, unamaliza na 33 hivi ndo unaanza kulipa miaka yako. Sasa hapo jiulize, daktari wa ubongo anapelekwa hospitali ndogo yenye chumba kimoja cha upasuaji na hamna mashine ya CT ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, anakwenda kufanya nini huko? Atafanya kazi ya daktari wa kawaida huku mikono inasahau alichojifunza.

Ndo maana mikataba mingi inakufungia na fani yenyewe, siyo mahali tu. Jimbo la Nordrhein-Westfalen huko Ujerumani lilianza utaratibu wa hivi mwaka 2019. Wanatenga nafasi za udaktari kwa watu wanaokubali kwenda vijijini, hata kama alama zako za shule hazikuwa za juu kuliko wote, lakini unakubali pia kusomea fani za daktari wa familia, magonjwa ya ndani kwa ujumla wake au watoto, halafu ukishakuwa bingwa ndo unaanza miaka 10 kwenye eneo lenye upungufu. Ukigoma faini inafika mpaka euro 250,000. Na kumbuka vyuo vya serikali kule havitozi ada, kwa hiyo hawa hawajapewa hela, wamepewa kiti tu. Kiti peke yake kimebeba miaka 10! Hapo utaona kwamba watu wanavyosema "wanakulipia" wakati mwingine hakuna hata senti iliyotoka, unachonunua ni mlango.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nakuomba ukitafute kwenye karatasi zako ni neno ubingwa. Kama mkataba umekaa kimya kuhusu ubingwa, huo ukimya usiufurahie hata kidogo, maana siku ukiomba ruhusa kuna ofisa atajaza yeye hayo maneno yaliyokosekana.

Cha pili, nani anachagua mahali. Kiukweli kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu ningeuliza hili, kuliko hata miaka. Mkataba wangu mimi uliandika "eneo lolote atakaloelekezwa", maneno matatu hayo niliyapita kama mtu anayepita kibao cha barabarani usiku, na ndo yaliyoamua maisha yangu ya miaka mitano, siyo ile mitano yenyewe. Miaka mitano mahali ulipochagua kwenye orodha, karibu na mtu unayemjua, ni kazi tu kama kazi nyingine. Mahali ulipotupwa kwa barua ya mistari minne, miaka ni hiyohiyo mitano ila haifanani hata kidogo.

Australia walijifunza hili kwa kuchelewa. Walikuwa na mkataba wa mwanzo wa mwaka 2001, unapewa ufadhili, unatumikia miaka sita vijijini, ukivunja mojawapo ya adhabu ilikuwa wagonjwa wako kutopata fidia ya bima ya taifa kwa mpaka miaka 12, yaani hawakufungi jela ila wanakufungia kazi. Kuanzia tarehe 1 Januari 2020 wameleta mpango mmoja mpya ambapo anayeingia anadaiwa miaka mitatu tu, ana miaka 18 ya kuimaliza, anaruhusiwa kuikata vipandevipande, na anachagua mwenyewe pa kwenda ndani ya maeneo yanayostahili. Linganisha huo na wangu. Yote inaitwa mkataba wa kurudi kutumikia, jina moja kabisa.

Cha tatu ni bei ya kutoka. Hii wengi wanaona aibu kuiuliza, wanadhani ukiuliza utaonekana umeshapanga kutoroka. Uliza bwana. Mtu anayenunua nyumba anauliza mlango wa nyuma uko wapi, hajapanga kuiba. Unataka kujua vitu hivi: ukitumikia miaka mitatu kati ya mitano, deni linapungua kwa hiyo mitatu au bado unadaiwa lote kana kwamba hukukanyaga? Riba inaanza kuhesabiwa lini, siku walipolipa ada ya kwanza au siku ulipoondoka? Unalipa kwa mkupuo au kidogokidogo? Nchini Japani kuna Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi kilichoanzishwa 1972 na mikoa yote 47 kwa pamoja, wanakukopesha gharama ya miaka sita, ukitumikia mkoa uliokupeleka mara moja na nusu ya muda uliosoma, yaani miaka tisa, deni linafutwa. Ukiondoka katikati unarudisha kwa mkupuo na riba juu. Marekani wana mpango wa taifa, National Health Service Corps, kila mwaka wa kusomeshwa unalipa mwaka wa kazi, isiyopungua miwili, isiyozidi minne, lakini ukivunja unadaiwa mara tatu ya walichotoa pamoja na riba, ukipunguziwa kwa muda uliotumikia. Mara tatu! Halafu nenda Thailand, wahitimu wa udaktari wa serikali wanatakiwa miaka mitatu, asiyetaka analipa baht 400,000, na hiyo namba imekaa hivyohivyo kwa miongo huku pesa inashuka thamani, kwa hiyo kuna watu wanahesabu, wanalipa, wanaondoka. Unaona, adhabu ya namba isiyobadilika inazeeka, adhabu yenye riba inakua na wewe. Angalia yako ni ipi.

Cha nne, wao wamefungwa na nini? Mkataba mzuri una pande mbili. Wewe umeahidi kuja kazini, je wao wameahidi kuwe na kazi? Nimeona vijana wamemaliza, wamefungwa kisheria wasiende kokote, halafu hamna ajira iliyotangazwa, wanakaa nyumbani mwaka mzima na saa haitembei kwa sababu hawajaripoti. Uliza kama kuna kifungu kwamba wasipokupangia ndani ya miezi kadhaa, sita kwa mfano, unaachiliwa. Wakikwambia hilo haliwezi kutokea, waambie basi haitawagharimu kitu kuliandika.

Sasa umeniuliza usaini au usisaini na mimi sipendi wale wanaojibu "inategemea" halafu wanaaga. Kama umeniandikia ukweli, kwamba ubongo ndo kitu na kama si ubongo ni bora usomee kitu kingine kabisa, basi chukua mkopo. Deni la pesa lina uzuri mmoja, halijali unalipia kutoka wapi wala ukiwa fani gani. Ila nikuchokoze kidogo. Darasani kwetu mwaka wa kwanza tuliulizwa nani anataka kuwa nini, mikono ya moyo na ubongo ilijaa chumba. Miaka sita baadaye waliobaki na jibu lilelile unaweza kuwahesabu kwa kidole. Mimi nilitaka moyo, nimeishia wajawazito na sijutii. Kwa hiyo kama ndani kabisa unahisi hiyo ndoto ni ya binti ambaye hajawahi kukaa wodini wiki nzima, usitupe mkataba kwa ajili yake. Waandikie barua pepe, uliza mambo mawili tu, nani anachagua eneo na ubingwa gani unaruhusiwa na lini. Wakijibu kwa maandishi na jibu linakaa, saini. Wakikwambia "usijali tutaongea huko mbele", chukua mkopo siku hiyohiyo.

Afu kuna njia ambayo hukuitaja. Nchi kadhaa zina mpango wa kukulipia mkopo *baada* ya kumaliza, unaenda kufanya kazi kwenye uhaba ukiwa tayari daktari na wao wanapunguza deni lako. Hao hao National Health Service Corps wanao, unaanza na miaka miwili. Utafiti uliofanyika Marekani uliona wanaosaini wakiwa wameshahitimu wanamaliza muda wao zaidi ya waliosaini wakiwa wanafunzi, na mimi hainishangazi hata kidogo, mtu wa miaka 28 anajua anapenda nini, ana mwenza au hana, ameona zamu ya usiku inafananaje. Wewe una 19 unamsainia mtu ambaye hujawahi kukutana naye.

Dokta habari za kazi. Mwanangu wa kiume kapata ufadhili wa udaktari wenye mkataba. Wanataka mdhamini asaini, na mimi ndo baba. Nina nyumba moja na kiinua mgongo changu. Kijana anasema ni utaratibu tu, kila mzazi anasaini. Nakuuliza wewe uliyepita huko, ni utaratibu tu kweli?
*Mzazi*

Shikamoo mzee wangu. Hapana, siyo utaratibu tu.

Mdhamini maana yake deni ni lako pia, limelala tu. Siku kijana akiondoka, na leo vijana wanaondoka nchi na begi moja, barua haimfuati yeye huko aliko, inakuja kwako kwa sababu wewe anwani yako haihami. Namfahamu mwenzangu mmoja tuliyesoma naye, aliondoka mwaka wa pili wa kutumikia kwa sababu anazozijua, nzuri tu, mke wake aliugua. Alikuwa na mpango wa kulipa. Ila ofisi haikumtafuta yeye, ilimtafuta baba yake, mzee akaificha ile barua chini ya godoro miezi minne asimsumbue mtoto, na riba inatembea chini ya godoro. Walikuja kuongea baadaye sana na hawajawahi kuwa sawa tena.

Kwa hiyo mzee, kabla ya kusaini omba mambo yafuatayo na usione haya. Omba udhamini wako uwe na kikomo, namba iliyoandikwa, siyo "gharama zote zitakazojitokeza". Omba kwamba wakitaka kudai waanze na kijana na wewe upewe taarifa kwa maandishi tangu siku ya kwanza anapochelewa kuripoti. Uliza akifa au akipata ulemavu inakuwaje, najua hatupendi kuongea haya lakini waliotunga mkataba wao wameyafikiria. Na hili ndo wazazi wote wanasahau: akifeli mitihani? Udaktari unafelisha, watu wazuri kabisa wanarudishwa mwaka wa tatu. Kuna mikataba ambayo kuachishwa chuo kwa kufeli inahesabika ni kuvunja, sawasawa na kutoroka. Kama wako uko hivyo basi unadhamini mpaka fomula za biokemia ambazo hata huzijui.

Nyumba usiiweke. Hapo sina maneno laini. Kama wanataka hati ya nyumba ndo kijana asome, mwambie atafute mlango mwingine, na wewe umsaidie kuutafuta. Kama wanataka saini tu yenye kikomo, na umekaa na kijana mkazungumza kiume kwamba "siku ukitaka kuondoka mimi ndo wa kwanza kuambiwa, kabla ya ofisi, kabla ya mchumba", saini mzee, mtoto akasome.

Halafu muulize kitu kimoja, vyeti vyake watavishika? Sehemu nyingine, India kwa mfano, kuna vyuo vimekuwa vikikaa na vyeti halisi vya mwanafunzi mpaka amalize kutumikia au alipe. Bila cheti hawezi kuomba leseni sehemu nyingine, kwa hiyo hata akipata pesa ya kulipa anaweza kukwama kwenye kabati la mtu.

Dokta mambo. Mimi ni daktari, nimetumikia miaka miwili kati ya minne. Nipo peke yangu, hospitali ndogo, hamna bingwa wa kumuuliza, zamu zote zangu. Hospitali moja binafsi mjini imesema itanilipia deni lote niende kwao. Najisikia msaliti nikienda na mjinga nikibaki. Unishauri kama mkubwa wangu kazini.
*Aliyechoka*

Poa mwenzangu. Pole.

Nianze na usiku mmoja wangu ili ujue naongea na wewe kutoka upande gani. Wiki yangu ya tatu, saa nane usiku, mtoto amezaliwa hapumui. Mimi nina cheti kipya kabisa na mikono inatetemeka, ile mask ya kumpulizia naibana usoni lakini hewa inavuja pembeni, naisikia, kifua hakipandi. Mkunga wa zamu, mama mtu mzima, hakuniambia kitu. Alikuja nyuma yangu, akaweka vidole vyake viwili chini ya kidevu cha mtoto akakiinua kidogo tu, kama unavyomwinua mtoto kumwonyesha kitu, na kifua kikapanda. Baadaye nikamwambia asante, akasema nenda kanawe dokta kuna mwingine anakuja. Yale niliyoyapata kwa yule mama kwenye miaka ile sikuyapata kwa profesa yeyote. Lakini angalia, nilikuwa na *yule mama*. Wewe kwenye barua yako hujataja mtu hata mmoja. Tatizo lako sidhani kama ni kijijini wala miaka, ni upweke wa kazi, na huo unaua madaktari na wagonjwa pia.

Kwa hiyo kabla ya kulipiwa deni kuna hatua ya katikati watu huwa wanairuka, nayo ni kuhama ndani ya mkataba. Soma kama unaruhusiwa kuomba eneo jingine lenye uhaba. Mingi inaruhusu hata kama hawakutangazii. Usione kama umeshindwa. Watafiti wawili, Bärnighausen na Bloom, walikusanya mwaka 2009 tafiti za mipango ya aina hii, wakakuta kwamba waliosaini wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kufanya kazi maeneo yenye uhaba kwa muda mrefu kuliko ambao hawakusaini, lakini pia wana uwezekano *mdogo* wa kubaki palepale walipopangiwa mwanzo. Yaani watu wanabaki kwenye kazi ila wanabadilisha kituo. Omba kituo chenye angalau daktari mwenzako mmoja, na uandike sababu kwa lugha ya usalama wa mgonjwa, siyo "nimechoka". Andika siku ngapi mfululizo umekaa zamu. Ofisi inaogopa namba kuliko machozi.

Wakikataa, au wakikaa kimya, tuje kwa hao wa mjini. Hela yao si zawadi. Omba karatasi yao usome kwa macho yaleyale, maana naweka dau kuna mkataba humo: tunakulipia deni, unatufanyia kazi miaka kadhaa, ukiondoka unaturudishia. Umetoka kamba moja umeingia nyingine, na hii ya pili haina hata mgonjwa asiye na pa kwenda. Inaweza bado kuwa afadhali, sikatai, kamba yenye mabingwa wa kukufundisha na usingizi wa usiku ina thamani yake. Ila ilinganishe kama kamba. Na hakikisha deni lenyewe ni kiasi gani leo kwa maandishi, baada ya kuondoa miaka yako miwili, kabla hujaongea na mtu wa mjini neno moja zaidi.

Ambalo limenifanya nikuchague wewe kati ya barua zote ni hili hapa. Hiyo miaka miwili unaweza kuithibitisha? Mimi nilipomaliza mitano yangu niliambiwa nina miaka minne na miezi tisa. Miezi mitatu ya kwanza hamna barua ya kuripoti kwenye faili, ipo ambayo haina muhuri, na aliyetakiwa kuigonga muhuri ameshastaafu. Nilikuwa nimezalisha watu miezi mitatu ambayo kwa karatasi sikuwepo. Nilikaa miezi mingine mitatu, wakati huo nafasi ya ubingwa niliyokuwa nimepata ikaenda kwa mtu mwingine, nikasubiri mwaka. Sijasamehe bado, nawaambia ukweli. Kwa hiyo kesho asubuhi nenda kachukue nakala ya barua ya kuripoti, barua za likizo, hati za mshahara, kila kitu chenye tarehe, piga picha, weka sehemu tatu. Uwe unabaki au unaondoka, hizo ndo miaka yako. Nyingine ni hadithi tu.

Kuhusu usaliti, ulisaini mwenyewe na kuna watu kiti chako walikikosa, hilo sitakudanganya halipo. Ila na wao waliahidi kitu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo yake mwaka 2010 kuhusu kupata wahudumu wa afya vijijini, na kuyatoa upya mwaka 2021, ufadhili wenye sharti la kutumikia umo ndani, lakini umewekwa pamoja na mengine, makazi, mazingira mazuri ya kazi, kuungwa mkono na wenzako, njia ya kupanda cheo. Serikali nyingi zikachukua lile sharti na kuyaacha mengine kwenye karatasi. Aliyekuacha peke yako na zamu zote alivunja upande wake kabla yako. Hiyo haikufutii deni mahakamani. Ila usijiite msaliti.

Dada dokta, mchumba wangu anasoma kwa mkataba wa miaka tisa ya kurudi mkoani kwao. Kazi yangu mimi ni ya mjini, nipo kwenye mabenki. Ananiambia tutaona huko mbele. Nimsubiri?
*Anayehesabu*

Mdogo wangu, tisa ni mingi, na "tutaona huko mbele" kwa mtu aliyesaini tisa si jibu, yeye ameshaona, wewe ndo hujaonyeshwa. Mwambie akutolee ule mkataba. Siyo akusimulie, akutolee. Angalia mambo mawili, kama anaweza kuomba kituo cha mji wa mkoa badala ya pembezoni kwa sehemu ya hiyo tisa, na kama kuna kifungu cha mwenza, maana mingine inasema ndoa inaweza kuwa sababu ya kuhamishwa na mingine imeandika wazi kabisa kwamba ndoa *si* sababu. Akiona ugumu kukuonyesha karatasi hapo una jibu la swali tofauti na ulilouliza.

Akikuonyesha, ombeni likizo fupi mwende huko wiki moja, siyo wakati wa sikukuu, wiki ya kawaida ya kazi. Nenda uulize kama benki yako ina tawi pale na kama wanaajiri. Halafu mwache yeye akafanye zamu yake, wewe ukae peke yako jioni yote mpaka arudi, uone inafananaje.